Picha yenu ya jiji imemeza mnara: tazameni pointi kabla ya kuchapa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie picha ile pana ya jiji la Dar es Salaam mliyoichapa kurasa mbili za katikati, iliyopigwa kutoka huku kwetu Kigamboni. Ni picha nzuri. Jua la asubuhi limeangukia majengo vizuri, maji yametulia, na aliyeipiga aliamka mapema kuitafuta. Lakini Benki Kuu ina minara miwili, na katika picha yenu umesimama mmoja.

Mimi ni mpiga picha. Kibanda changu kipo karibu na feri, na kazi zangu ni za kawaida: pasipoti, harusi, mahafali, vikundi vya kina mama. Minara ile pacha naiona kila nikiinua kichwa. Gazeti lilipotoka, watu walinijia nalo kibandani. Mmoja alisema mnara wa pili umejificha nyuma ya mwenzake, mwingine akasema labda mpiga picha alisimama pembe ambayo sisi hatuijui. Hakuna pembe hiyo hapa ufukweni kwetu. Tena ukitazama majini, chini ya mnara ule uliobaki, utaona ngalawa yenye tezi isiyo na omo. Hapo ndipo picha mbili zilipoungwa, na hapo ndipo mnara ulipopotelea.

Nawaandikia kwa sababu kosa la namna hii sasa nalikuta kila mahali, kwenye mabango, kwenye kalenda, kwenye vitabu vya mahafali, na wengi wanaochapa picha hizi hawajui linatoka wapi. Linatoka kwenye pointi.

Picha pana kama ile si pigo moja la kamera. Mpiga picha husimama mahali pamoja, akapiga ya kwanza, akageuza kamera kidogo, akapiga ya pili, na kuendelea, akihakikisha kila picha imepandana na jirani yake kwa kipande fulani. Kisha programu ya kompyuta huzisoma mbili mbili ikitafuta vitu vinavyoonekana katika zote mbili: kona ya dirisha, ncha ya mlingoti, makutano ya ukuta na paa. Kila kitu kimoja kilichopatikana katika picha mbili ni pointi moja. Pointi hizo ndizo zinazoiambia programu picha ya pili ikae wapi juu ya ya kwanza, igeuzwe kiasi gani na ivutwe kiasi gani. Pointi zikiwa za kweli, picha inakaa. Pointi zikifunga vitu viwili tofauti kana kwamba ni kimoja, picha nzima inafuata uongo huo.

Fundi cherehani yeyote ananielewa. Akishona gauni la kitenge chenye maua makubwa, lazima ua la upande huu likutane na nusu yake ya upande ule. Maua yote yanafanana, kwa hiyo akishika ua la pili akadhani ni la kwanza, mshono utapendeza kabisa, lakini gauni litapungua upana wa ua zima. Minara ya Benki Kuu inafanana kuliko maua ya kitenge.

Kijana aliyepiga picha yenu namfahamu, na alikuja mwenyewe kibandani na picha zake za asili kwenye flashi. Hajaiba wala hajaghushi. Aliniambia, "Mama, mimi sikugusa kitu, programu yenyewe ndiyo iliyounga." Nikamjibu, "Basi mwanangu, tuitazame ilivyounga."

Tulizifungua katika Hugin, programu ya bure ninayoitumia siku zote, tukaziacha zitafutiwe pointi zenyewe kama alivyofanya yeye. Hugin ina ukurasa ambapo picha mbili hukaa ubavu kwa ubavu, na kila pointi ina namba: ukiona namba 7 kushoto, mwenzake namba 7 yupo kulia. Chini yake kuna jedwali linaloonyesha kila jozi imeachana kwa pikseli ngapi, yaani vidoto vidogo vinavyounda picha, baada ya picha kupangwa. Ukurasa huu wengi hawaufungui kamwe. Tulipoufungua, jibu lilikuwa mbele ya macho yetu. Picha ya kushoto ilikuwa na minara yote miwili. Ya kulia ilianzia katikati yao, kwa hiyo ilikuwa na mnara wa kaskazini peke yake. Na pointi nyingi zilitoka madirisha ya mnara wa kusini, kushoto, zikaenda kukaa kwenye madirisha ya mnara wa kaskazini, kulia. Sakafu kwa sakafu, kona kwa kona. Programu iliamini kwamba minara ile miwili ni mmoja, ikaisogeza picha ya pili ikakaa juu yake, na kila kilichokuwa katikati kikafunikwa.

Kwa nini ilidanganyika? Hili nimelitafakari sana, na naomba wasomaji wanivumilie kidogo, maana ndipo penye somo.

Njia maarufu ya kutafuta pointi hizi, inayoitwa SIFT, ni ya David Lowe wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada. Aliitangaza mwaka 1999, akaieleza kwa kirefu mwaka 2004, na programu nyingi za kuunga picha hutumia njia hiyo au jamaa zake. Kila mahali penye alama ya kutosha, kompyuta hutazama mwanga unavyobadilika pande zote kuzunguka hapo, ikaandika sura ya mahali hapo kwa namba 128. Kisha huchukua namba hizo ikatafuta katika picha ya pili ni wapi panapokaribiana nazo zaidi. Lowe alijua kwamba duniani kuna vitu vinavyofanana. Akaweka kinga: usimtazame wa kwanza anayefanana tu, mtazame na wa pili. Ikiwa wa kwanza na wa pili wanakaribia kulingana, basi hapo hapaaminiki, itupe pointi hiyo. Kipimo chake kilikuwa 0.8: tofauti ya namba za wa kwanza ikizidi sehemu 0.8 ya tofauti ya namba za wa pili, jozi inaachwa.

Ni kinga yenye busara, na kwa majengo pacha hufanya kazi vizuri pale pacha wote wawili wanapoonekana katika picha inayopekuliwa. Dirisha la mnara wa kusini lingefanana na madirisha mawili, kompyuta ingesita, ingeliacha. Lakini katika picha ya kulia ya kijana wetu mnara ulikuwa mmoja. Hakukuwa na wa pili wa kuleta shaka. Dirisha likampata anayefanana naye, halikumwona mshindani, likafungwa kwa imani kamili.

Mtu atauliza, na madirisha ya mnara wa kaskazini wenyewe, si yalikuwa katika picha zote mbili? Yalikuwa. Ila katika picha ya kushoto mnara huo ulikuwa pembezoni kabisa, ambako lenzi ya bei nafuu hulegea makali, na wingu lilikuwa limepita likautia kivuli. Alipopiga ya pili, wingu lilikuwa limeondoka. Kwa hiyo mnara wa kaskazini ulioangazwa, katika picha ya pili, ulifanana zaidi na wa kusini ulioangazwa kuliko na nafsi yake yenye kivuli. Pointi za kweli zilipatikana chache, za uongo nyingi.

Na wingi ndio unaoamua. Programu huzisafisha jozi kwa njia iliyotangazwa na Fischler na Bolles wa Marekani mwaka 1981: huchukua jozi chache kwa kubahatisha, ikakokotoa picha ya pili ingekaa wapi kama hizo ni za kweli, kisha ikahesabu jozi nyingine ngapi zinakubaliana. Hurudia hivyo mara nyingi, na mpango unaoungwa mkono na jozi nyingi ndio unaobaki, mingine inatupwa. Pointi ikipotea peke yake, njia hii huikamata mara moja. Lakini mnara mzima wa madirisha ukipotea kwa pamoja, na kila dirisha likakosea kwa umbali uleule na upande uleule, hilo ni kundi kubwa lenye kauli moja. Zikatupwa zile za kweli.

Naomba hapa nisisitize jambo ambalo vijana wengi hawajaambiwa. Baada ya kupanga, programu hutoa tarakimu ya wastani wa kuachana kwa pointi, na wamefundishana kwamba ikiwa chini ya pikseli moja au mbili basi kazi ni safi. Picha ile yenye mnara mmoja ilitoa tarakimu nzuri sana. Ingekosaje? Tarakimu hiyo hupima pointi zinavyopatana zenyewe kwa zenyewe. Haipimi kama dirisha hili ndilo dirisha lile. Hilo hulijui mpaka utazame kwa macho yako, wewe unayejua Dar es Salaam ina minara mingapi.

Zamani hapakuwa na hatari hii. Helmut Dersch, mwalimu wa chuo huko Furtwangen, Ujerumani, alipotoa Panorama Tools, programu ya kuunga picha, mwaka 1998, pointi ziliwekwa na mtu mwenyewe, moja moja, akibofya picha ya kushoto kisha ya kulia. Ilikuwa kazi ya kuchosha. Lakini hakuna mkazi wa mji huu ambaye angebofya mnara wa kusini kisha akabofya wa kaskazini akidhani ni mmoja. Mwaka 2003 Matthew Brown na huyohuyo Lowe walionyesha kompyuta ikipanga picha zilizochanganywa ovyo bila mtu kubofya chochote, na toka hapo sisi wapiga picha tukapumzisha vidole. Nafurahi tulipumzisha vidole. Macho hatukupaswa kuyapumzisha.

Mimi huku feri napambana na pantoni. Kila picha pana ya ng'ambo, pantoni inakatiza. Jiji liko mbali, lina ukungu wa chumvi, kona zake ni hafifu. Pantoni iko karibu, ina vyuma, magari, matela, watu wenye nguo za kila rangi. Pointi zote hukimbilia huko. Kati ya pigo la kwanza na la pili pantoni imeshasogea, na programu ikiifuata hiyo, jiji lililo nyuma ndilo linaloonekana limehama. Utapata pantoni safi, haina kasoro, na nyuma yake nyumba zimejirudia au zimekatwa. Mawingu nayo hutembea, na mawimbi hayatulii kamwe. Hugin ina kifaa maalumu cha kufuta pointi za mawinguni, lakini pantoni utaifuta mwenyewe. Nazifuta zote zilizokaa juu yake, kisha naweka za mkono kwenye vitu visivyokwenda popote: pembe ya gati, kona ya ghorofa, paa la soko la samaki. Natafuta zitawanyike, juu na chini ya kipande kilichopandana, maana zikirundikana mahali pamoja, sehemu iliyobaki inaning'inia haina kinachoishika.

Ukumbini ni kugumu zaidi. Viti vya harusi vilivyovishwa vitambaa vyeupe na kufungwa utepe nyuma, safu kwa safu, ni mtego uleule wa minara. Sare za wapambe pia. Hapo naacha viti, natafuta nyuso, maua ya meza kuu, swichi ya ukutani, doa la rangi kwenye dari. Doa moja la ukutani lina thamani kuliko viti mia vinavyofanana.

Wapo watakaosema picha ya gazeti ni pambo, mnara mmoja usitupotezee muda. Sikubaliani nao hata kidogo. Gazeti linahifadhiwa. Mwanafunzi atakalifungua miaka ijayo kujua jiji lilikuwaje. Huku Kigamboni tunakopimana viwanja kila siku, nimeona watu wakileta picha serikali ya mtaa kuonyesha mpaka ulipita wapi, na ufukwe wenye safu ya mivinje au minazi unafanana kila hatua. Programu ikishika mnazi wa tatu badala ya wa pili, kipande cha ardhi kimetoweka kwenye picha, na mwenye picha ataapa kwa moyo safi kwamba kamera haisemi uongo.

Fikirieni pia Beit al-Ajaib kule Unguja, jumba alilojenga Sultani Barghash mwaka 1883. Sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Kilichokuwepo kabla ya siku ile sasa tunakitafuta kwenye picha. Jumba lile limezungukwa na nguzo ndefu zinazofanana, ghorofa juu ya ghorofa, na ni pana mno kuingia katika pigo moja la kamera ukiwa barabarani, kwa hiyo anayetaka upande mzima huunga. Fundi akitaka kuhesabu nguzo katika picha ya kuungwa, ni lazima awe na hakika kwamba aliyeiunga alizihesabu kwanza. Nguzo moja ikimezwa, mshono hauonekani, kwa sababu programu za kulainisha mshono sasa zina ustadi mkubwa. Picha yenu nisingeikamata kama si ile ngalawa.

Sasa ombi langu kwenu, Mhariri. Picha ikiungwa, semeni katika maelezo yake kwamba imeungwa kutoka picha kadhaa. Maneno hayo ni machache na msomaji anayo haki ya kuyajua. Mpiga picha akileta picha pana, ombeni alete na zile za asili, na mtu mmoja wa chumba cha habari azitazame kila mahali palipoungwa: majengo yamehesabika, vyombo vya majini vina pande zote mbili, barabara haijavunjika. Ni kazi ya dakika chache. Kama gazeti linahariri maneno ya mwandishi kabla ya kuyachapa, na picha pana inasema mengi kuliko ukurasa wa maneno, sioni sababu ya kuipitisha bila kuhaririwa.

Kwa vijana wanaopiga, nawasihi wapandanishe picha kwa wingi. Kijana wetu alipandanisha kama sehemu ya kumi tu, na ndani ya kipande hicho kulikuwa na mnara mmoja, maji na anga. Angeweka robo au theluthi, minara yote miwili ingeingia katika picha zote mbili, na kinga ya Lowe ingefanya kazi yake. Tena mtumie stendi, na kamera izunguke juu ya lenzi yake. Ukisimama na simu ukaizungusha kwa mkono ulionyooka, kilicho karibu na kilicho mbali vinahama kwa kiasi tofauti, na hapo hata pointi za kweli hugombana, hakuna programu itakayozipatanisha. Na kabla ya kubofya amri ya mwisho, fungueni ule ukurasa wa pointi, mzifuate namba moja moja katika kila jozi ya picha.

Tulifuta pointi zote zilizokosea mnara. Tukaweka nyingine kwa mkono: pembe za paa la mnara wa kaskazini, mlingoti wa meli iliyofunga gatini, kona mbili za bohari iliyo chini yake. Picha ikakaa. Mnara wa kusini ukarudi, na kati ya minara likaonekana anga na paa jekundu ambalo katika gazeti halipo kabisa. Ngalawa ina omo yake na mvuvi amekaa ndani. Kijana amehifadhi picha hiyo kwa ukubwa kamili na yuko tayari kuileta ofisini kwenu pamoja na zile za asili. Naomba mwichape kwa ukubwa uleule wa ile ya kwanza, kurasa zilezile za katikati.

Mpiga picha,
Kigamboni, Dar es Salaam